Picha Tatu za Watawala Baada ya Ushindi wa Baharini: Uanze na Ipi?

Una nafasi ya picha moja tu. Labda wewe ni mwalimu mwenye kipindi kimoja cha historia, labda unaandika insha na msimamizi wako amekukataza kutawanya mambo, labda uko safarini na umebakiwa na siku moja. Unataka kuelewa jinsi watawala wa Ulaya wa karne ya 16 walivyotumia sura zao wenyewe kuwatangazia watu kwamba wameshinda baharini, na kwamba Mungu yuko upande wao.

Picha tatu hutajwa sana. Ya kwanza ni ile ya Armada, yaani kundi kubwa la merikebu za vita za Uhispania, inayomwonyesha Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, iliyochorwa karibu na 1588. Ya pili ni ya mchoraji Titian: Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania akimwinua mwanawe mchanga kuelekea mbinguni, kazi ya 1573 hadi 1575. Ya tatu ni ya mchoraji Veronese, mwanzoni mwa miaka ya 1580, inayomwonyesha Sebastiano Venier, doge wa Venice.

Doge hakuwa mfalme. Alichaguliwa na wakubwa wa mji, akafungwa na sheria nyingi zilizomzuia asijitukuze. Nimemweka hapa makusudi. Ukiwatazama wafalme wawili peke yao, utadhani kila mshindi wa zama zile alijichora kwa namna moja.

Mimi huzikumbuka picha hizi kwa miili ya watu wake: mmoja ameketi, mmoja amesimama, mmoja amepiga magoti.

Tutakavyozipima

Kila picha nitaiuliza maswali yale yale. Ni tukio gani linalosherehekewa? Mwili wa mtawala unasema nini? Mungu yuko wapi ndani ya picha? Kitu gani kimeachwa nje? Na je, ni rahisi kuiona na kuisoma kwa mtu asiyekuwa bingwa wa sanaa? Swali la nne ndilo ninaloliwekea uzito mkubwa. Mchoraji wa ikulu hulipwa kwa anachokionyesha, na hulipwa vilevile kwa anachokinyamazia.

Aliyeketi: Elizabeth na Armada

Tukio. Mei 1588 merikebu kama 130 za Philip ziling'oa nanga Lisbon. Zilikusudia kukutana na jeshi la Uhispania lililokuwa Flanders na kulivusha hadi Uingereza. Agosti zikatia nanga Calais. Usiku Waingereza wakaziachia merikebu nane zilizowashwa moto zisukumwe na upepo na mkondo hadi katikati yao. Wahispania wakakata kamba za nanga na kutawanyika, na kesho yake wakapigwa mizinga karibu na Gravelines. Baada ya hapo upepo ukawasukuma kaskazini, wakalazimika kurudi kwao kwa kuzunguka Scotland na Ireland, na dhoruba za huko zikazivunja merikebu nyingi miambani. Mtu wa pwani aliyezoea hesabu za kusi na kaskazi hahitaji kuelezwa maana ya chombo kukosa upepo wa kurudia.

Mwili. Malkia ameketi, amejaza picha nzima. Mikono ya gauni imetuna, kola ya lesi imeuzunguka uso kama miale, na lulu ziko kila mahali: shingoni, kwenye nywele, kwenye nguo. Hana upanga wala vazi la vita. Mkono wake wa kuume umetulia juu ya tufe la dunia, vidole vikiwa juu ya Amerika, na karibu na tufe kuna taji. Nyuma yake kuna mandhari mbili za bahari. Upande mmoja maji yametulia na merikebu za Kiingereza zinaonekana. Upande wa pili giza, mawimbi, na merikebu za adui zinazovunjika. Uso wake umeelekea kwenye utulivu, na dhoruba ameipa mgongo. Kwenye kiti kilicho kando yake kumechongwa nguva, yule wa hadithi anayewapoteza mabaharia.

Tazama uso wenyewe. Malkia alikuwa na miaka 55, lakini hapa hana kunyanzi hata moja. Wachoraji wa zama zake walikuwa wakinakili uso wake kutoka kwenye vielelezo vilivyokubaliwa, kwa hiyo sura iliweza kubaki ile ile huku mwenyewe akizeeka.

Mungu yuko wapi? Hapa picha hii inanishangaza kila ninapoirudia: hayumo. Hakuna malaika, hakuna msalaba, hakuna mtakatifu hata mmoja. Papa Pius wa Tano alikuwa amemtenga Elizabeth na Kanisa mwaka 1570, na Uingereza ya Kiprotestanti ilikwisha kuondoa sanamu nyingi makanisani. Kwa hiyo Mungu anaingia kwa mlango wa hali ya hewa. Nishani iliyotengenezwa Uholanzi mwaka huo huo wa 1588 ilisema wazi kwa Kilatini kwamba Mungu alipuliza, nao wakatawanyika. Picha haisemi hivyo kwa maneno. Inaweka dhoruba dirishani na kumwachia mtazamaji aliyetoka kusikiliza mahubiri amalizie mwenyewe. Halafu kuna lulu, alama ya usafi na ubikira. Heshima ambayo vizazi vya nyuma vilimpa Bikira Maria sasa imevaliwa na malkia asiyeolewa.

Kilichoachwa nje. Mabaharia wa Kiingereza. Baada ya vita walikufa kwa wingi kwa homa na kuhara wakiwa bandarini, wengi wakiwa bado hawajalipwa mishahara. Mwaka uliofuata, 1589, Uingereza ilipeleka msafara wake mkubwa dhidi ya Uhispania na Ureno, nao ukarudi bila kufanikiwa. Na ule mkono juu ya Amerika: wakati huo Uingereza ilikuwa na kituo kimoja kidogo cha walowezi huko, Roanoke, na merikebu iliyokwenda kuwaangalia mwaka 1590 haikukuta mtu. Picha inadai dunia ambayo mwenyewe hajaipata bado.

Kuiona. Nakala tatu za zama zile zimebaki. Iliyoko jumba la Queen's House, Greenwich, London, ilinunuliwa 2016 kwa pauni milioni 10.3, maelfu ya watu wa kawaida wakichanga. Greenwich ndiko malkia alikozaliwa. Jihadhari na jambo moja: mandhari za bahari kwenye nakala hii zilipakwa rangi upya karne ya 18, kwa hiyo merikebu unazoziona si zile za mchoraji wa kwanza. Ile ya Woburn Abbey ina mandhari za zamani. Ya National Portrait Gallery, London, ilikatwa pande zote mbili na karibu bahari yote ikapotea. Mchoraji hajulikani kwa uhakika.

Inamfaa nani? Anayeanza kabisa, na mwalimu mwenye darasa kubwa. Hata mtoto wa darasa la sita ataona tufe, taji, dhoruba na lulu, na ataanza kuuliza.

Aliyesimama: Philip na mtoto

Tukio. Tarehe 7 Oktoba 1571, karibu na Lepanto katika bahari ya Ugiriki, muungano wa Papa, Uhispania na Venice ulipambana na Milki ya Osmani, dola ya Waturuki. Kila upande ulikuwa na merikebu za makasia zaidi ya 200. Watu maelfu kwa maelfu walikufa kwa siku moja, na Wakristo maelfu waliokuwa wakivuta makasia utumwani waliachiwa huru. Papa aliuhesabu ushindi ule kuwa jibu la sala ya rozari. Ndiyo sababu Wakatoliki, wa Bagamoyo na Songea wakiwamo, huadhimisha Bikira Maria wa Rozari tarehe hiyo hiyo hadi leo. Miezi miwili baadaye, Desemba 1571, Philip alipata mtoto wa kiume, Fernando. Mfalme akataka furaha mbili ziingie katika turubai moja.

Mwili. Philip amesimama amevaa deraya, na mikono yote miwili imeshughulika: amemwinua mtoto uchi juu ya meza iliyofunikwa kama altare. Kiumbe mwenye mabawa anashuka kutoka juu kichwa chini, akileta jani la mtende na utepe wenye maneno ya Kilatini, Maiora tibi, yaani makubwa zaidi yatakuwa yako. Nyuma merikebu zinaungua. Chini ameketi Mturuki aliyefungwa, kifua wazi, kilemba chake kimeanguka chini.

Mungu yuko wapi? Katika ishara ya mikono. Mkatoliki yeyote aliyewahi kumwona padri akiinua hostia, yaani mkate wa misa, ataitambua. Mfalme anafanya kazi ya padri, na sadaka ni mrithi wake mwenyewe. Kwa hiyo picha inasema mambo mawili kwa pumzi moja: ushindi umetoka mbinguni, na mbingu imeuahidi ukoo huu ushindi mwingine. Titian alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, yuko Venice, mbali na mfalme. Alichora akitumia mchoro aliotumiwa na mchoraji Alonso Sánchez Coello kutoka Madrid. Sura ya mfalme haina joto lile analolitoa Titian akiwa na mtu mbele yake, na nadhani umbali huo unahusika.

Kilichoachwa nje. Kwanza, Philip hakuwapo Lepanto. Aliyeongoza vita ni Don Juan wa Austria, ndugu yake wa kambo, na humwoni popote kwenye picha. Pili, Waosmani waliunda merikebu nyingine ndani ya mwaka mmoja, na 1574 wakaitwaa Tunis kutoka kwa Wahispania, wakati rangi za turubai hii zilikuwa hazijakauka. Tatu, mtoto. Fernando alifariki 1578, kabla ya kutimiza miaka saba. Makubwa aliyoahidiwa hayakumfikia. Mimi siwezi kuitazama mikono ile bila kufikiria jambo hilo, ingawa Titian hakuwa na namna ya kulijua.

Kuiona. Iko katika makumbusho ya Prado, Madrid. Ni kubwa, urefu wake unapita mita tatu, kwa sababu mwaka 1625 mchoraji Vicente Carducho aliiongezea turubai ili ilingane na picha ya Charles wa Tano, baba yake Philip, akiwa juu ya farasi. Kwenye simu inapoteza nguvu. Utepe na maneno yake havisomeki.

Inamfaa nani? Anayetaka kuelewa urithi wa kiti cha enzi na jinsi dini ilivyoubeba. Na inamhusu msomaji wa pwani kwa karibu kuliko anavyodhani. Philip alikuwa pia mfalme wa Ureno tangu 1580, na ni kwa amri yake Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa 1593. Miaka minne kabla, vita na Waosmani, safari hii vya Wareno, vilifika Mombasa: 1589 manowari za Wareno kutoka Goa, kituo chao kikuu India, zilimkamata nahodha wa Kiosmani Mir Ali Bey, akapelekwa Goa na kisha Ureno. Yule mateka wa Titian aliyechorwa kwa kubuni akapata mwenzake wa kweli, aliyekamatwa kwenye maji yetu.

Nina onyo kwa walimu. Niliwahi kuionyesha picha hii kwa wanafunzi, wengi wao Waislamu, bila kuwaandaa. Kimya kilichofuata kilinifundisha. Tangu siku ile huanza na mateka: yeye ni nani, kwa nini amevuliwa nguo, nani alilipia achorwe hivyo. Darasa likishayajibu hayo, ndipo tunapandisha macho kwa mfalme.

Aliyepiga magoti: Venier na Mwokozi

Tukio ni Lepanto ile ile. Tofauti ni kwamba Venier alikuwapo. Alikuwa amiri wa manowari za Venice, mzee wa miaka karibu 75, na alikuwa mkali: kabla ya vita aliwanyonga wanajeshi waliokuwa wakilipwa na Uhispania, na Don Juan akakasirika hata akakataa kushauriana naye, akawa anazungumza na msaidizi wake Agostino Barbarigo. Barbarigo alipigwa mshale jichoni vitani akafa. Venier alichaguliwa doge Juni 1577 na kufariki Machi 1578.

Mwili. Amepiga magoti, amevaa joho la dhahabu la udoge. Shujaa pekee kati ya hawa watatu aliyenusa baruti ya ushindi wake ndiye aliyeshushwa chini kabisa. Hakulitaka hilo yeye, maana picha ilichorwa baada ya kifo chake. Serikali ya Venice ilikuwa na desturi ya kuwachora madoge wakiwa magotini mbele ya Kristo, ili kila mtu akumbuke kwamba doge ni mtumishi.

Mungu yuko wapi? Katikati, juu ya mawingu, Kristo mwenyewe katika utukufu wake. Chini yake yupo Marko Mtakatifu, msimamizi wa mji. Yupo Imani, aliyechorwa kama mtu, akishika kikombe cha misa. Ipo Venice yenyewe katika umbo la mwanamke. Yupo Justina Mtakatifu, ambaye sikukuu yake ni 7 Oktoba. Barbarigo naye yumo. Ni picha yenye watu wengi, na ndiyo hoja yake: ushindi una wenyewe wengi, na mkuu wao yuko juu.

Kilichoachwa nje ni kisiwa cha Kupro. Venice iliingia vitani kuitetea, na mji wake wa Famagusta ulianguka Agosti 1571, kabla hata ya Lepanto. Machi 1573 Venice ikafanya amani na Waosmani peke yake, ikawaacha washirika wake na kukubali kwamba kisiwa kimekwenda. Sasa fikiria mahali picha ilipotundikwa: Sala del Collegio, ukumbi wa Palazzo Ducale, ikulu ya doge, ambamo doge na washauri wake walipokea mabalozi, juu kabisa ya kiti chake. Balozi wa nchi yoyote aliyeingia kuzungumza habari za biashara au madeni aliikuta Lepanto ikimtazama. Vita ambavyo Venice ilivipoteza mezani, iliendelea kuvishinda ukutani.

Kuiona. Lazima uende Venice, maana haijatoka ukumbini, na hiyo ndiyo faida yake kubwa: unaiona pale pale ilipowekwa ifanye kazi. Kwa picha ya intaneti ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa mtu asiyewajua watakatifu hawa atapotea.

Inamfaa nani? Anayesoma siasa za taasisi, na yeyote anayetaka kuona utukufu wa nchi ukitangazwa bila kumkuza mtu mmoja.

Zikiwekwa bega kwa bega

Ukiuliza ni nani aliyeshinda, Elizabeth anajibu kwa kukaa kimya na kuionyesha bahari. Philip anajibu kwa kumwonyesha mrithi. Venice inajibu kwa kuwaonyesha watakatifu. Kwa uaminifu wa tukio, Venier yuko mbele kwa sababu alikuwapo. Kwa ukamilifu wa sanaa, mimi naipenda zaidi Veronese, lakini sitambishia anayempenda Titian. Kwa nguvu ya kukumbukwa hakuna inayoifikia picha ya Elizabeth: mtu mmoja, alama chache, hakuna anayehitaji kutafsiriwa. Nguvu hiyo hiyo ndiyo hatari yake, maana wanafunzi huondoka wakiamini kwamba Armada iliimaliza Uhispania, na haikuimaliza. Vita viliendelea hadi 1604, Elizabeth akiwa amekwisha kufa.

Kwa hali yako

Una dakika 40 na projekta moja: chukua Elizabeth, na utenge dakika kumi za mwisho kwa mabaharia wasiolipwa.

Unaandika insha kuhusu dini na picha: usichukue moja. Ziweke pamoja Elizabeth na Venier, moja ikiwa haina Mungu wa kuonekana na nyingine imejaa mbingu, kisha uulize kwa nini. Utapata hoja ya kutosha kurasa 15.

Unaandika kuhusu ukoo na urithi: Philip, ukiweka tarehe mbili za Fernando mwanzoni kabisa, kuzaliwa na kufa.

Uko safarini. London ni rahisi kwa mfuko, kwani Queen's House haina kiingilio. Madrid ni bora ukitaka kumwona Titian kwa wingi, maana Prado inazo kazi zake nyingi. Venice nenda ukiwa na subira. Ingia ukumbini, simama mahali aliposimama balozi, ndipo uinue macho.

Unafundisha Mombasa, Lamu au Unguja: anza na Philip, hata kama ni mgumu zaidi. Wapeleke vijana Ngome ya Yesu kama mnaweza, waguse zile kuta za matumbawe, waambie ni mfalme gani aliyeagiza zijengwe. Kisha wafungulie picha ya Titian, uwape muda wamtafute mtu aliyeketi chini, pembeni ya kilemba chake.